Kilo saba za mama: kumpangia mzazi begi la mkononi

Mzazi akiitwa na watoto wake walioko ng'ambo, hasafiri peke yake. Habari ya mama wa Tanga anayekwenda kumwona mjukuu aliyezaliwa Columbus au Birmingham huvuka mtaa kwa siku moja: kikoba kimejua, jirani kajua, kundi la WhatsApp la ukoo halilali. Viza ikitoka tu, vifurushi vinaanza kuingia. Ubuyu wa mtoto wa shangazi, dagaa wa mtoto wa jirani, mizizi ya kuchemsha ya mtu ambaye hata sisi wenyewe hatumfahamu vizuri. Sanduku la chini, lile linalokwenda tumboni mwa ndege, hujaa mapema. Kinachobaki husukumiwa kwenye begi la mkononi, kwa imani kwamba hilo halipimwi.

Linapimwa. Kwetu mimi ndiye ninayepewa kazi ya kupanga mizigo ya wazee wakisafiri na kuwasindikiza hadi uwanjani, na nimeona mengi pale kaunta. Nimeona mama wa watu, kavaa kitenge kipya cha safari, kapiga magoti sakafuni mbele ya foleni nzima, anatoa kanga moja moja huku kijana wa kaunta akirudia kwa upole kabisa, "Mama, bado kilo nne." Upole wake haukumsaidia kitu. Mzee wa watu aliingia ndani macho yamemlenga machozi, na nusu ya zawadi alizozibeba kwa mapenzi zilibaki mikononi mwa waliomsindikiza. Siamini kwamba kuna mzazi anayestahili kuondoka nyumbani kwake namna ile, na aibu ile inaweza kuzuilika yote sebuleni, siku tatu kabla ya safari.

Tuanze na mizani, maana hapo ndipo wengi wanapokwama. Kutoka Dar es Salaam, Zanzibar au Nairobi, sehemu kubwa ya wasafiri wetu hubadilisha ndege Doha, Dubai, Addis Ababa au Istanbul. Kwa daraja la kawaida, Emirates, Qatar Airways na Ethiopian wanaruhusu begi moja la kilo 7. Turkish Airlines ni kilo 8. Kenya Airways ni 12. KLM nao ni 12, lakini hizo ni jumla ya begi na mkoba mdogo kwa pamoja. British Airways wanakwenda hadi kilo 23 kwa begi, mradi mwenye begi aweze kulinyanyua mwenyewe hadi kwenye kabati la juu ya viti. Mashirika makubwa ya Marekani kwa kawaida hayaulizi uzito kabisa. Yanataja ukubwa tu, inchi 22 kwa 14 kwa 9, ambazo ni kama sentimita 56 kwa 36 kwa 23.

Sasa mfikirie mtoto aliyekaa Marekani miaka kumi. Amezoea kuruka kutoka Houston kwenda Minneapolis na begi lililojaa hadi zipu inalia, na hakuna aliyewahi kulipandisha kwenye mizani. Akipiga simu nyumbani anamwambia mama, "Usijali, begi lolote linaloingia kule juu linakubalika." Anasema kweli, ila ni kweli ya huko aliko. Mama anaanzia Dar, na ndege ya kwanza ina kilo 7. Safari yenye ndege tatu huwa na sheria tatu, na begi la mkononi kwa kawaida hufuata shirika lenye ndege unayoipanda, hata kama tiketi umeuziwa na shirika jingine. Kwa hiyo kipimo cha kupangia ni cha ndege iliyo kali kuliko zote katika safari nzima. Ukishakipata hicho, mengine yote yanapita.

Ukubwa nao una mitego yake. Begi lenye urefu wa sentimita 55 linakubalika Emirates, ambao wanataka 55 kwa 38 kwa 22. Qatar Airways wanataka 50 kwa 37 kwa 25. Begi lile lile, sentimita tano zimezidi. Muuzaji wa Kariakoo atakwambia hili ni begi la kabini, na amelibandika karatasi ya kusema hivyo, lakini karatasi ile haina shirika nyuma yake. Chukua futi ya fundi cherehani upime mwenyewe, na upime pamoja na matairi na mshikio, kwa sababu fremu ya chuma ya kupimia mabegi pale getini haitoi matairi nje ya hesabu.

Watu wengi huuliza kwa nini mashirika yasikae pamoja yakakubaliana kipimo kimoja. Walijaribu. Mwezi Juni 2015, IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani, kilitangaza mpango wa begi la sentimita 55 kwa 35 kwa 20, ambalo lingebandikwa alama ya kutambulika kila mahali. Abiria, hasa wa Amerika Kaskazini, walikasirika, kwa sababu kipimo hicho kilikuwa kidogo kuliko walichokuwa nacho tayari. Waliona wanaambiwa wakanunue mabegi mapya ili wabebe kidogo zaidi. Haikupita wiki nyingi, mpango ukawekwa kando. Nadhani walikuwa na haki ya kukasirika, ila kwetu sisi tunaounganisha ndege za mabara matatu, kipimo kimoja kingetupunguzia mateso mengi.

Msongamano wenyewe wa kule juu ya viti una historia. Mwaka 2008, mafuta ya ndege yalipopanda bei, mashirika makubwa ya Marekani yalianza kutoza hata sanduku la kwanza la chini. Abiria wakafanya ambalo mtu yeyote angefanya: wakahamishia kila kitu mkononi. Makabati hayakuongezeka, mabegi yaliongezeka. Ndege inayojaa siku hizi, wa mwisho kupanda huambiwa begi lake linakwenda chini bila hiari yake, na hili nitalirudia kwa sababu lina hatari ambayo wazazi wetu hawaelezwi.

Sina ugomvi na uzito kuwekewa mpaka. Makabati yale yana kikomo cha uzito, na begi la kilo 15 likimwangukia mtu kichwani linaumiza kweli. Ninachokilalamikia ni sheria inayolala leo na kuamka kesho. Shirika moja, ruti moja, begi moja: mama anapita anapokwenda, anazuiwa anaporudi. Mzee asiyejua Kiingereza vizuri anaona ameonewa, na sina jibu la kumpa. Ndiyo maana ninapanga kana kwamba mizani itakuwapo kila mara.

Kilo 7 zenyewe ni chache kuliko zinavyosikika. Begi gumu la matairi likiwa tupu linaweza kula kilo tatu. Bado hujaweka hata leso. Kwa mzazi napendelea begi laini la kitambaa lisilo na matairi, lisilofika kilo moja, na hapo tayari umemrudishia kilo mbili nzima. Watu hunipinga: mama atabebaje begi bila matairi kwenye uwanja mkubwa kama wa Doha? Jibu langu ni kwamba mama hapaswi kutembea uwanja ule peke yake hata kidogo. Omba huduma ya kiti cha magurudumu wakati wa kukata tiketi, au angalau saa 48 kabla ya safari. Kwa kawaida haitozwi, na haihitaji mtu awe mgonjwa sana, inatosha kwamba hawezi kutembea mbali. Mhudumu atampokea mlangoni mwa ndege, atampitisha kwenye ukaguzi na kumfikisha kwenye geti linalofuata. Begi litakaa mapajani. Kwa mzazi asiyesoma vibao vya Kiingereza wala Kiarabu, huduma hii ina thamani kuliko begi lolote utakalomnunulia.

Tukitoka kwenye mizani tunaingia kwenye ukaguzi, na hapa mwenye neno ni mwingine kabisa. Begi linaweza kupita kaunta likanyang'anywa vitu kumi hatua mia moja mbele. Agosti 2006 polisi wa Uingereza walizima njama ya kulipua ndege zilizokuwa zivuke Atlantiki kutoka London, kwa vilipuzi vya majimaji vilivyofichwa kwenye chupa za vinywaji. Kabla mwaka haujaisha, Ulaya na Marekani zilikuwa na sheria tunayoijua: kila kimiminika kwenye chombo kisichozidi mililita 100, vyote ndani ya mfuko mmoja wa kuonyesha, wa takribani lita moja. Viwanja kadhaa vya Ulaya vimeshaweka mashine mpya na kuanza kulegeza. Usipangie hizo. Mama akipita viwanja vitatu, kimoja tu kikiwa bado na sheria ya zamani, imekula kwake.

Kinachowachanganya wazee wetu ni kwamba kwao kimiminika ni maji, juisi, mafuta. Ukaguzi una orodha ndefu kuliko hiyo. Kila kinachomwagika, kinachopakwa au kinachokamuliwa kinahesabiwa: samli, asali, achari ya embe, siagi ya karanga, Vaseline, dawa ya meno. Halua ya Zanzibar imewahi kuzua mabishano mbele yangu, mkaguzi anaibonyeza kwa kidole cha glavu, mwenye halua anaapa kwamba ni chakula cha kutafuna. Vitu vya kuvutika kama hivyo weka chini. Na kinachoangaliwa ni ujazo wa chombo, siyo kilichobaki ndani. Chupa ya mililita 250 ya mafuta ya nazi iliyobaki robo ni chupa ya mililita 250. Dawa za mgonjwa na maziwa ya mtoto mchanga vina ruhusa yao hata vikizidi, ila vitolewe na kuonyeshwa kabla havijaulizwa, na dawa ziwe na cheti cha daktari.

Wanaokwenda Marekani wana jambo jingine ambalo halijulikani sana kwetu. Tangu Juni 30, 2018, unga wa aina yoyote unaofika mililita 350, yaani ujazo wa kopo la soda, huchunguzwa zaidi ukiwa mkononi kwenye ndege zinazoelekea huko, na wasiporidhika nao hauingii ndani. Kwa lugha ya jikoni kwetu, hiyo ni pilau masala, kahawa ya kusaga, unga wa lishe, ubuyu wa unga. Ukaguzi huo hufanyika mahali pa mwisho kabla ya Marekani, wakati mama ameshachoka, na hakuna ndugu wa kumwachia kifurushi. Unga wote uende chini, hata ule mdogo.

Nikiwa hapo hapo kwenye vyakula: kuruhusiwa kupanda nacho na kuruhusiwa kuingia nacho ni mambo mawili. Nchi za Umoja wa Ulaya hazitaki nyama wala maziwa kutoka kwetu hata kwa matumizi ya nyumbani, na tangu Desemba 2019 matunda karibu yote yanahitaji cheti cha afya ya mimea. Waliyoyaacha huru ni matano: nanasi, nazi, ndizi, tende na duriani. Embe la Muheza halimo. Marekani, mama aandike kwamba ana chakula, hata kama ni korosho tu. Chakula kilichotajwa kikakataliwa hutupwa na safari inaendelea. Kilichofichwa hutozwa faini.

Sasa betri. Pawabenki ni lazima iwe mkononi, haiendi chini kamwe, kwa sababu betri ya lithiamu ikiwaka kabini wahudumu wanaweza kuizima, ikiwaka chini hakuna wa kuiona mapema. Mpaka ni wati-saa 100, yaani kipimo cha umeme ambao betri inaweza kuhifadhi, bila kuomba kibali. Kati ya 100 na 160 unahitaji idhini ya shirika, na zaidi ya hapo hapana. Pawabenki zetu huandikwa kwa miliampea, kwa hiyo zidisha kwa volti 3.7 kisha gawa kwa elfu: ile ya 20,000 inatoka wati-saa 74, iko salama. Zile za mtaani zenye namba zilizofutika, au zinazodai makubwa yasiyolingana na umbo lake, ziache nyumbani, maana mkaguzi asipoweza kusoma namba ana haki ya kuichukua. Baada ya ndege ya Air Busan kuungua ikiwa uwanjani Korea Kusini Januari 28, 2025, mashirika mengi yamekaza zaidi. Emirates, tangu Oktoba 1, 2025, wanaruhusu moja tu kwa abiria, haitumiki wala haichajiwi ndani ya ndege, na haiwekwi kwenye kabati la juu.

Ndipo ninarudi kwenye begi linalochukuliwa getini. Ndege imejaa, mhudumu anamwambia mama kwa Kiingereza cha haraka kwamba begi lake linakwenda chini. Mama anatikisa kichwa kukubali, kwa sababu amelelewa kukubali anapoambiwa na mtu aliyevaa sare. Ndani ya begi kuna pawabenki, dawa za presha, insulini ambayo inaweza kuganda ikikaa penye baridi, na barua ya mwaliko atakayoulizwa na maofisa wa uhamiaji. Kwa hiyo ndani ya begi naweka kipochi kimoja cha kitambaa chenye mshipi, na namfundisha mama kabla hajaondoka: wakitaka begi, toa kipochi, vaa shingoni, kisha wape. Tunafanya mazoezi sebuleni. Wajukuu huwa wahudumu wa ndege, na bibi anatoa kipochi hadi mkono wake unazoea.

Ndani ya kipochi hicho: pasi ya kusafiria, kadi ya chanjo ya homa ya manjano, dawa za siku zote za safari na tatu za ziada zikiwa kwenye paketi zake halisi, cheti cha daktari, miwani, simu na pawabenki, na karatasi yenye namba za simu za mtoto anakokwenda na anuani iliyoandikwa kwa herufi kubwa. Simu huzima, karatasi haizimi. Kwenye begi lenyewe ni nguo moja ya kubadilisha, sweta, kanga doti moja, tasbihi au Biblia, na chakula kikavu kidogo. Dhahabu nayo, kama ipo, ni ya mkononi. Hapo hata kilo tano hazijafika, na ninaacha hivyo hivyo. Ndugu wakija na la kuongeza kwa sababu kuna kilo mbili wazi, nawaambia zile mbili ni za mama.

Kuhusu vifurushi vya watu, nitasema bila kuzunguka. Kwenye begi la mkononi la mzazi hakiingii kitu ambacho sijakifungua na kukiona. Wengine wamenuna, na wapo wasiozungumza nami hadi leo. Lakini mama akiulizwa ukaguzini nani kafunga begi hili, jibu analotoa ni la kwake, na sheria itamshika yeye. Siyo dawa za kulevya tu zinazotia watu matatani. Hata dawa ya maumivu kama tramadol, ambayo kwetu huzungushwa kirahisi, Falme za Kiarabu huihesabu miongoni mwa zinazodhibitiwa na hutaka kibali. Anayependa kumtumia mwanawe mizizi na amtumie kwa njia yake, chini ya jina lake.

Jambo jingine ninalomwambia kila mzazi, na huwa namshika mkono ninapolisema: ndege ikipata dharura na wakasema tokeni, toka na ulivyovaa. Januari 2, 2024, ndege ya Japan Airlines iligongana na ya walinzi wa pwani uwanjani Haneda, Tokyo. Watano kati ya sita waliokuwa kwenye ndege ndogo walifariki. Ile kubwa iliungua yote, lakini watu wote 379 waliokuwamo walitoka, na mabegi yakaachwa yateketee. Ndege za abiria hujengwa kwa kipimo kwamba watu waweze kutoka ndani ya sekunde 90, na nusu ya milango ikiwa haitumiki. Katika hesabu hiyo hakuna nafasi ya mtu kusimama akavuta begi. Kipochi kama kiko shingoni kitoke naye, kama kimo begini kiachwe. Kingine chote kitanunuliwa.

Wakati wa kurudi kazi huwa ya mtoto aliye huko, nami humpigia simu mapema. Huko zawadi ni nyingi zaidi na mizani ya nyumbani ipo, aitumie. Manukato na mafuta ya kujipaka yaende kwenye sanduku la chini kuanzia mwanzo wa safari. Kama lazima anunue dukani uwanjani, muuzaji ayafunge kwenye mfuko maalumu unaozibwa pamoja na risiti, na mama asiufungue hadi afike, kwa sababu atakaguliwa tena anapobadilisha ndege. Na wanaotua Tanzania wakumbuke marufuku ya mifuko ya plastiki iliyoanza Juni 1, 2019. Vitu vilivyo kwenye mifuko ya madukani ya ng'ambo avihamishie kwenye begi la kitambaa angali kwenye kiti. Ule mfuko mdogo wa zipu wa vimiminika umeachwa nje ya marufuku kwa msafiri anayebaki nao mwenyewe. Kenya walitangulia Agosti 2017, na Rwanda tangu 2008, kwa hiyo anayepitia Nairobi au Kigali kuingia mjini afanye vivyo hivyo.